Jinsi ya kukionyesha chuo cha Marekani kwamba ndicho chaguo lako la kwanza bila kujifunga mapema: mwongozo kamili

Ikifika Februari, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, nimeviandikia vyuo saba kwamba kila kimoja ndicho chaguo langu la kwanza, mbona kimya?" Mwaka mmoja kijana alinionyesha barua ambayo alikuwa ameshaituma. Salamu zilikuwa za chuo cha Pennsylvania, aya ya tatu ikawa inakisifu chuo cha Ohio. Alinakili, akabandika, akasahau kubadilisha jina.

Wanaokwama hapa si wavivu. Wengi wanahangaika kupita kiasi, ila wanahangaika mahali pasipohesabiwa na kwa wakati usiofaa. Mwongozo huu ni wa anayeomba shahada ya kwanza Marekani akiwa huku kwetu, anahitaji msaada wa fedha, na hataki au hawezi kutumia utaratibu wa mapema unaofunga.

Utaratibu huo hujulikana kwa herufi ED, yaani Early Decision. Unatuma maombi mwanzoni au katikati ya Novemba, jibu linakuja katikati ya Desemba, na wewe, mzazi na mwalimu mshauri mnatia saini kwamba ukikubaliwa utakwenda huko na kuondoa maombi kwingine kote. Raundi yake ya pili, ED II, hufungwa mapema Januari na kifungo ni kilekile. Msaada wa fedha usipotosha unaweza kuomba kufunguliwa, lakini hutakuwa umepata nafasi ya kuweka ofa mbili tatu mezani na kuzilinganisha. Kwa mtahiniwa wa KCSE kuna sababu nyingine: Novemba yuko kwenye chumba cha mtihani.

Ukiomba kwa utaratibu wa kawaida, chuo hakina saini yako. Kinabaki kukisia kama ukipewa nafasi utakuja, au kitanda cha bweni kitabaki kitupu. Kazi yako ni kukipunguzia kukisia.

## Andaa hivi kwanza

- Barua pepe moja, iliyofunguliwa na wewe mwenyewe, yenye jina lako, utakayoitumia tangu leo mpaka siku ya viza.
- Pasipoti, au cheti cha kuzaliwa kama pasipoti haijatoka. Utaihitaji kwa ajili ya tahajia ya majina.
- Daftari au jedwali lenye safu hizi: chuo, tarehe, nilichofanya, niliyewasiliana naye, jambo jipya nililojifunza.
- Bando la kutosha vikao viwili au vitatu vya video.
- Kiasi halisi cha fedha ambacho familia inaweza kutoa kwa mwaka, kwa dola. Kaa na wazazi mkubaliane. "Tutajitahidi" hakijazwi kwenye fomu.
- Mwalimu mmoja atakayekuwa mshauri wako kwenye Common App (mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja) na anayejua ukweli kuhusu chaguo lako.
- Muda. Msimu mpya wa Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Ukianza Agosti unatembea. Ukianza Desemba unakimbia huku unafunga kamba za viatu.

## Hatua ya 1: Hakikisha chuo chenyewe kinajali

Watu huruka hatua hii, kisha wanamaliza miezi mitatu wakipiga hodi kwenye ukuta.

Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Andika jina la chuo pamoja na maneno hayo kwenye Google, fungua PDF, nenda sehemu ya C7. Utakuta jedwali la mambo yanayotazamwa katika udahili: alama, insha, mapendekezo na mengineyo. Tafuta mstari unaohusu kiwango cha nia ya mwombaji ("Level of applicant's interest"). Mbele yake kuna alama katika moja ya safu nne: muhimu sana, muhimu, linazingatiwa, halizingatiwi.

Likiwa halizingatiwi, usijitese. Harvard, Stanford, MIT na vyuo vya mfumo wa University of California havipimi nia yako kwa idadi ya barua pepe ulizofungua. Huko nguvu zote zipeleke kwenye maombi yenyewe. Likiwa linazingatiwa au zaidi ya hapo, endelea.

Ukiwa bado kwenye waraka huohuo, shuka hadi sehemu ya H6, inayoonyesha kama chuo kinawapa msaada wa fedha wanafunzi wasio raia na kwa kiasi gani. Halafu rudi C2, yenye takwimu za orodha ya kusubiri. Nakili yote matatu kwenye daftari. Kama baada ya dakika ishirini unaweza kusema "chuo hiki kinazingatia nia, na kinawasaidia wageni," hatua imekamilika.

## Hatua ya 2: Chagua kimoja, tena kwa hesabu

Chaguo la kwanza ni moja. Vyuo vingine vinaweza kuambiwa, kwa ukweli kabisa, kwamba unavipenda sana, lakini neno "la kwanza" linakwenda kwa kimoja tu. Mwalimu wako anaandika barua za vyuo vyote, na akiulizwa hapaswi kulazimika kudanganya kwa ajili yako.

Usichague kwa moyo peke yake. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii mfuko wa mwombaji wa nje vinapoamua kumkubali au kumkataa. Vyuo vingi huangalia. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye familia yake ina dola 3,000 kwa mwaka, akisema chaguo lake la kwanza ni chuo kisichotoa zaidi ya nusu ya ada kwa wageni, ameonyesha nia ya kwenda mahali ambapo hawezi kwenda. Ofisa udahili ataliona hilo kabla yako.

Andika kwenye daftari sentensi moja: "Nitakwenda ___ iwapo nitapata angalau ___ kwa mwaka, kwa sababu ___." Ukishindwa kujaza pengo la tatu bila kutaja sifa au nafasi ya chuo kwenye orodha za ubora, bado hujachagua.

## Hatua ya 3: Jina moja, anwani moja

Binti mmoja alijisajili kupokea taarifa za chuo akiwa steshenari. Kijana wa pale akamfungulia barua pepe papo hapo, akaweka nywila, wote wawili wakaisahau. Miezi minne baadaye alituma maombi kwa barua pepe mpya, na jina la ukoo likiwa limekaa mahali pengine. Chuoni akawa watu wawili: mmoja aliyehudhuria vikao na kuuliza maswali lakini hakuomba, mwingine aliyeomba bila kuwahi kubisha hodi.

Ofisi nyingi za udahili hutumia programu kama Slate, ambayo hukusanya mawasiliano yako yote kwenye faili moja. Mashine inaunganisha kwa jina, barua pepe na tarehe ya kuzaliwa. Sisi tuna majina matatu, na mara nyingi cheti cha shule kina mpangilio mmoja, pasipoti mwingine. Fuata pasipoti. Ukiandika Fatuma leo usiandike Fatma kesho.

Kama ulishakosea, iandikie ofisi ya udahili barua fupi: taja barua pepe zote mbili na tarehe ya kuzaliwa, uombe faili ziunganishwe. Ni jambo la kawaida kwao. Wakikujibu kwamba wameziunganisha, unaweza kulala.

## Hatua ya 4: Acha nyayo zinazoonekana

Kutembelea chuo ni nyayo nzito, lakini hakuna anayetegemea upande ndege kutoka Dar es Salaam au Kisumu kwa ajili ya matembezi ya saa moja. Wewe fanya haya:

1. Jisajili kwenye fomu ya kupokea taarifa katika tovuti ya chuo.
2. Barua zao zikija, fungua na ubofye kiungo angalau kimoja. Kujua kwamba barua imefunguliwa mara nyingi hutegemea kipicha kidogo kinachopakuliwa ndani yake. Kama umezima picha kuokoa bando, unaweza kusoma kila neno na kwao ukaonekana hujafungua. Kiungo kilichobofywa hakina utata huo. Angalia pia folda ya matangazo na ya taka, maana barua za vyuo hupenda kujificha humo.
3. Hudhuria kikao cha jumla cha mtandaoni, kisha kimoja cha idara unayoitaka. Viwili vinatosha.
4. Mwakilishi wa chuo akija kwenye maonyesho mjini kwenu au kwenye kituo cha EducationUSA (ushauri wa serikali ya Marekani kwa wanaotaka kusoma huko), nenda ujaze kadi yake kwa barua pepe ileile.

Hapo namba 3 ndipo saa huwaponza wengi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, majimbo ya pwani ya mashariki ya Marekani yako nyuma yetu kwa saa nane; miezi mingine ni saa saba. Kikao cha saa moja jioni kwao (7 p.m.) mwezi Januari ni saa tisa usiku kwetu, tena tarehe imeshageuka. Cha saa 6 mchana kwao ni saa mbili usiku, muda wa kibinadamu kabisa. Chicago ongeza saa moja. California ongeza tatu. Weka kengele mbili, na kama umeme wa kwenu una tabia zake, chaji simu mapema.

Tahadhari: ukijisajili kwenye kikao kisha usitokee, hilo nalo linabaki kwenye rekodi. Bora usijisajili.

Ndani ya kikao uliza swali moja. Ukitoka ukaweza kuandika kwenye daftari jambo moja ambalo halipo kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti, umefanikiwa. Jambo hilo utalihitaji hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Mwandikie ofisa wa kanda yako, mara moja kwanza

Vyuo vingi vina ofisa anayeshughulikia maombi kutoka Afrika. Jina lake huwa kwenye ukurasa wa ofisi ya udahili. Mara nyingi ndiye atakayesoma faili lako kwanza, kwa hiyo usimwandikie ujinga.

Kanuni ni moja: uliza swali ambalo tovuti haijalijibu. "Siku ya mwisho ni lini?" linakuonyesha kama mtu asiyesoma. Barua utaandika kwa Kiingereza, ila maudhui yake yaende hivi:

> Habari. Naitwa ___, niko kidato cha sita Moshi, na nitaomba kwa utaratibu wa kawaida. Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha idara ya jiolojia, na nilivutiwa na safari za uwandani za mwaka wa kwanza. Shule yetu haifundishi jiolojia. Nimeisoma ndani ya jiografia tu. Je, wanafunzi wa aina yangu kwa kawaida huanzia kozi ipi? Asante kwa muda wako.

Mistari sita. Hakuna historia ya ukoo, hakuna viambatisho, hakuna "nakuomba sana mheshimiwa". Heshima kwao ni kutompotezea mtu muda.

Akijibu, mshukuru ndani ya siku mbili ukitaja ulichojifunza, halafu nyamaza mpaka uwe na jambo jipya. Kutoka Septemba hadi Machi, barua tatu au nne zinatosha. Anayeandika kila wiki haonyeshi mapenzi, anaonyesha wasiwasi. Na asipige simu baba, mjomba wala mchungaji: wao watamkubali mwanafunzi, si ukoo.

Kama kuna wakala anayekuambia "namjua mtu ndani", mwache na mtu wake.

## Hatua ya 6: Insha ya "kwa nini chuo chetu"

Ningelazimishwa kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hii. Vyuo vingi huweka swali hili kati ya maswali yao ya nyongeza, mara nyingi kwa maneno mia moja hadi mia tatu hivi. Hapa nia yako haihesabiwi na mashine, inasomwa na mtu.

Chukua Colorado College, ambako mwanafunzi husoma somo moja tu kwa wiki tatu na nusu, anafanya mtihani, kisha anahamia somo linalofuata. Insha ninayoipokea kila mara husema:

> Chuo chenu kina sifa kubwa duniani, walimu mahiri na mazingira mazuri ya kujifunzia. Mfumo wenu wa kipekee utaniwezesha kutimiza ndoto zangu.

Fanya jaribio: futa jina la chuo, weka jingine. Aya hiyo itasimama popote. Sasa soma hii:

> Shule ilitupeleka Bonde la Olduvai. Mwalimu alikuwa ameanza kutuonyesha tabaka za majivu ya volkano, kidole chake kikiwa bado ukutani, basi likapiga honi. Tulitakiwa kurudi kwa kipindi cha hesabu cha kesho. Nimeangalia ratiba yenu ya somo moja kwa wakati mmoja. Ninataka kusoma jiolojia mahali ambapo hakuna kipindi kingine kinachonisubiri, na darasa linaweza kubaki kwenye mwamba hadi swali liishe.

Badilisha jina la chuo hapo, aya inaanguka. Hiyo ndiyo alama ya kufaulu. Jengo lake ni tukio lako moja dogo, kisha kitu kimoja cha chuo hicho pekee, kisha utakachokifanya nacho. Ukiweka vitu vitano unakuwa umenakili kipeperushi.

Usiwaeleze wanachokijua kuliko wewe. Kofi Annan alihitimu Macalester mwaka 1961, na hakuna ofisa wa Macalester anayesubiri kukumbushwa na wewe. Wala usimtaje profesa ambaye hujasoma hata ukurasa mmoja wa kazi yake. Hakikisha pia kwamba bado anafundisha pale. Wapo waliowasifu wastaafu.

## Hatua ya 7: Mahojiano, kama yapo

Chuo kikiyaita mahojiano ya hiari, wewe yachukue kama ya lazima, maana kukataa nafasi ya kuzungumza nao ni ujumbe tosha. Vaa nadhifu, kaa mahali penye mtandao na pasipo na jogoo, na ufike dakika kumi kabla. Ukiulizwa vyuo vingine unavyoomba, jibu kweli. Siku ya pili tuma shukrani ya mistari mitatu.

## Hatua ya 8: Barua ya chaguo la kwanza

Sasa ndipo unapolisema. Si Septemba, ambapo hujui kitu, wala si mwisho wa Machi, ambapo maamuzi yameshapita. Muda mzuri ni mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Februari, baada ya maombi kutumwa na kabla ya kamati kufunga mafaili.

Kabla ya kuituma, ingia kwenye akaunti yako ya mwombaji uhakikishe kila nyaraka imefika, hasa za fedha: CSS Profile (fomu ya mtandaoni ya kueleza hali ya fedha ya familia) au fomu ya chuo chenyewe, na ushahidi wa kipato. Kama mzazi ni mama lishe au bodaboda na hana slipi ya mshahara, iulize ofisi ya misaada mapema inakubali ushahidi gani. Barua ya mapenzi juu ya faili lisilokamilika ni kama posa bila mahari.

Barua iwe na mambo manne:

1. Tamko. "Chuo chenu ndicho chaguo langu la kwanza." Waziwazi, mara moja.
2. Sababu moja au mbili mpya, zisizorudia insha. Rudi kwenye daftari.
3. Habari mpya: matokeo, shindano, kazi uliyoanza. Kama hakuna, usiitunge.
4. Ahadi yenye ukweli wa fedha.

Hiyo ya nne ndiyo inayowakwaza watu. Ukiandika "mkinikubali nitakuja kwa vyovyote vile" na familia yako haina nauli, ahadi haina uzito. Ukiandika habari ya fedha tupu, unaonekana unafanya biashara. Andika hivi:

> Nikikubaliwa, na msaada ukakidhi hitaji tulilolionyesha kwenye fomu za fedha, nitajiunga na kuondoa maombi yangu kwingine.

Mwombe mwalimu mshauri aandike sentensi moja kwa barua pepe ya shule, akithibitisha kwamba umemweleza hivyo. Neno la mtu mzima asiye na haja ya kukisifia chuo lina uzito wake.

Usisubiri jibu refu. "Asante, tumeiweka kwenye faili lako" ndilo jibu zuri unaloweza kupata. Hata bila jibu, kazi imeisha. Usitume ya pili.

## Hatua ya 9: Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri

Majibu ya utaratibu wa kawaida hutoka zaidi mwishoni mwa Machi. Ukiambiwa usubiri, kubali nafasi hiyo kwenye akaunti yako siku hiyohiyo, kisha ndani ya wiki moja tuma barua ya kusema bado unataka. Iwe fupi kuliko ya Februari. Angalia takwimu za C2 ulizonakili: kama mwaka uliopita walichukua watu wachache sana, jua mapema. Uliza pia kama bado wana fedha kwa wanaotoka kwenye orodha hiyo, kwa sababu vyuo vingine huwa vimeshazimaliza.

Wakati huohuo kubali chuo kingine kilichokupa nafasi na msaada kabla ya tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi hutaka jibu. Kufanya hivyo hakukutoi kwenye orodha ya kusubiri, ingawa dhamana ya kushika nafasi uliyolipa huko kwa kawaida hairudi.

Nafasi ikipatikana Mei au Juni, wanaweza kupiga simu na kutaka jibu kwa siku chache tu. Muda wao wa kazi pwani ya mashariki, kwetu ni saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Simu iwe na chaji, na ile namba ngeni inayoanza na +1 uipokee.